Mafindofindo yaliyofika moyoni: niliyojifunza na binti yangu

Hapa kwetu Walukuba, mjini Jinja, Uganda, mtoto akisema koo linamuuma hapelekwi popote. Atapewa maji ya chumvi asukutue, chai ya tangawizi, nusu ya Panadol, na kesho yake yuko shuleni. Mara nyingi hiyo yatosha, maana makoo mengi ni ya virusi na hupona yenyewe. Naandika kwa ajili ya yale machache ambayo hayaishii kooni. Binti yangu alikuwa darasa la tano lilipomshika koo la namna hiyo, na leo moyo wake una vali, yaani mlango wa damu, inayovuja. Kwenye foleni za hospitali ya Mulago, Kampala, nimekaa na wazazi wengi, na karibu wote walikuwa hawajawahi kusikia kwamba koo na moyo vina uhusiano wowote.

Ilianza kwa homa ya ghafla. Hata uji ulikuwa taabu kumeza. Tezi za chini ya taya zilivimba, ukizigusa anaruka. Nilimmulika kwa tochi ya simu nikaona mafindofindo mekundu yenye madoadoa ya usaha. Hakuwa na kikohozi, wala mafua. Sasa najua kwamba dalili hizo zikikutana pamoja kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, kuna uwezekano mkubwa ni bakteria anayeitwa streptokokasi wa kundi A, na kwamba mtoto mwenye kukohoa na kutokwa kamasi kwa kawaida ana virusi tu.

Muuzaji wa duka la dawa alitufungia vidonge sita vya amoksilini kwenye karatasi, akasema vinatosha. Homa ilishuka haraka, mtoto akarudi kucheza. Hakuna aliyetueleza kwamba dozi ya koo hilo ni siku 10 kamili hata kama maumivu yameisha siku ya pili, au sindano moja tu ya penisilini ya benzathini ambayo inatosha kwa mara moja. Na jambo hili lishikeni sana: dawa sahihi ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado inaweza kuuzuia ugonjwa wa moyo unaofuata baadaye. Kwa hiyo mzazi aliyesubiri siku mbili tatu kuona kama litapoa hajachelewa bado.

Bibi mmoja jirani alikuja na ushauri wake. "Mwanangu, huyo ana kimeo. Mpeleke akakatwe, mambo yaishe." Mke wangu alikataa katakata. Alishawahi kumwona mtoto wa dada yake akivuja damu baada ya kukatwa kwa wembe uliokwisha kupita kwenye makoo ya wengine. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakina kosa lolote, na kukikata hakumwondoi bakteria. Ni jeraha jipya mdomoni mwa mtoto ambaye tayari ni mgonjwa.

Wiki kama mbili tatu baadaye binti yangu aliamka akichechemea. Goti la kulia lilikuwa limevimba na la moto. Tukadhani ameanguka shuleni. Baada ya siku chache goti likapoa lenyewe, maumivu yakahamia kifundo cha mguu wa kushoto, kisha kiwiko. Shuka likimgusa tu analia. Homa ikarudi. Kliniki ya kwanza ilimtibu malaria bila kupima damu. Ya pili ikapima, malaria haikuonekana, wakampa dawa ya malaria hata hivyo. Huku Busoga ugonjwa wa damu wa sikoseli upo kwenye familia nyingi, kwa hiyo daktari wa tatu alifanya vizuri kuagiza kipimo chake. Majibu yakaja safi. Ni yeye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyetuuliza kabla: "Baba, mwezi uliopita huyu hakuumwa koo?"

Aliweka kipimo cha kusikilizia kifuani mwa mtoto akakaa nacho muda mrefu mno. Akasogeza, akamwambia alalie ubavu wa kushoto, akasikiliza tena. Nilikuwa nimesimama pale nikimwangalia uso wake kuliko kumwangalia mwanangu. Alipoinua kichwa alisema anasikia sauti isiyo ya kawaida, na kwamba lazima moyo upigwe picha.

Ugonjwa wenyewe unaitwa homa ya baridi yabisi. Mwili ukishapambana na yule streptokokasi, kwa baadhi ya watoto askari wa mwili huendelea kupigana hata adui akiwa ameondoka, na wanachokishambulia sasa ni viungo na moyo wa mtoto mwenyewe. Viungo hupona bila kuacha alama. Moyo haupati bahati hiyo. Ndiyo maana yale maumivu ya kuhamahama ya goti na kiwiko hayafai kuitwa maumivu ya kukua. Kwenye foleni nilikutana na mama aliyekuja na mwanawe toka Tororo. Dalili ya mtoto wake ilikuwa nyingine kabisa. Mikono ilikuwa inarukaruka yenyewe, vikombe vinamponyoka, mwandiko uliharibika, uso unakunjamana bila yeye kutaka. Mwalimu alimchapa kwa utukutu, na ukoo ukamtafutia mganga wa mashetani. Nao ulikuwa ugonjwa huo huo, safari hii umegusa ubongo, na huweza kutokea miezi kadhaa baada ya koo kupona.

Picha ya moyo tulianza kuipiga kwenye kituo cha binafsi kwa sababu ya hofu ya kusubiri, zaidi ya shilingi laki moja na nusu, fedha niliyokuwa nimeiweka ya mbao. Mimi ni seremala. Baadaye tukatumwa kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago. Safari yenyewe ni teksi hadi Kampala kupitia Mabira na Mukono, boda hadi getini, chakula cha watu wawili, na siku nzima bila kazi. Daktari aligeuza kioo cha mashine upande wangu. Damu ilionekana kwa rangi mbili, nyekundu na buluu, na kila moyo ulipojibana, ulimi mdogo wa rangi ulirudi nyuma ulikotoka. "Vali ya mitrali," akasema, "ni mlango ambao hauzibi sawasawa ukifungwa." Kisha akanieleza jambo ambalo ningependa kila mzazi alisikie siku ya kwanza: uvujaji mdogo unaweza kubaki ulivyo, na kwa watoto wengine hupungua, mradi ugonjwa usirudi. Kila koo jipya la streptokokasi linaweza kuamsha shambulio jipya, na kila shambulio linaiharibu vali zaidi. Vali ikishaharibika sana, kinachobaki ni upasuaji, na gharama yake ni mamilioni ambayo familia nyingi hapa hazina.

Kumbe dawa ya kuuzuia ugonjwa usirudi ni ile ile penisilini ya benzathini, sindano moja kila wiki nne. Muda wake hutegemea hali ya vali: angalau miaka 10 tangu shambulio la mwisho, haiachwi kabla ya miaka 21, na wenye vali mbaya huendelea hadi 40. Nilipoisikia hesabu hiyo nilihisi miguu imeisha nguvu. Mtoto alikuwa na miaka kumi na moja.

Nikwambie kuhusu wiki nne hizo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza. Watu husema "sindano ya kila mwezi", wakashika tarehe: leo tarehe tano, basi mwezi ujao tarehe tano. Siku 28 na mwezi si kitu kimoja. Ukishika tarehe, karibu kila mara unachelewa siku mbili au tatu, na hizo ndizo siku ambazo dawa imekwisha mwilini na mlango uko wazi. Kwa mwaka zinatakiwa sindano 13, na wanaoshika tarehe hupiga 12. Sisi tunashika siku ya juma. Ya kwanza ilikuwa Jumanne, basi ni kila Jumanne inayotimiza wiki nne, imezungushiwa wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani hadi Disemba, na simu ya mama yake hulia siku moja kabla.

Sasa chumba cha sindano. Dawa huja ikiwa unga mweupe ndani ya kichupa. Muuguzi anaingiza maji ya sindano, anatikisa, inakuwa uji mzito ambao huziba sindano nyembamba. Tulipoanza, muuguzi mmoja alitumia sindano nyembamba kwa nia njema, ili mtoto asiumie. Ikaziba katikati, akaitoa, akabadilisha, akamchoma upya. Binti yangu alilia hadi nje ya geti, na safari iliyofuata alijifungia chooni. Kisha tukampata sista mmoja mtu mzima, mpole, ambaye nilimtazama kwa makini nikajifunza kwake. Kichupa kikishachanganywa alikishika katikati ya viganja hadi kikapata joto. Alipaka spiriti akasubiri ikauke kabisa, kwa kuwa ikiwa mbichi inachoma. Akabonyeza kwa kidole gumba mahali atakapochoma, kwa nguvu, akihesabu polepole hadi kumi, ndipo akaingiza. Na alisukuma dawa taratibu sana, dakika mbili nzima, huku akimuuliza binti habari za shule. Nyumbani tukapokea kazi nyingine: kumtembeza kidogo badala ya kumlaza, na kitambaa cha uvuguvugu usiku. Kama wanao wanaumia sana, muulize muuguzi au daktari kama inawezekana kuchanganya na lignokaini kidogo, dawa ya ganzi. Usione haya kuomba. Mtoto anayechomwa vizuri atakubali kurudi, na kurudi ndiyo tiba yenyewe.

Asidungwe akiwa na njaa wala kiu, na adungwe akiwa amejilaza kitandani. Watoto wengine huzimia kwa woga na maumivu, watu wakasema dawa imemkataa. Ramadhani moja binti alitaka kufunga hata siku ya sindano. Nikamwambia mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku nyingine. Mzio wa kweli wa penisilini upo, ingawa ni nadra, kwa hiyo tunakaa pale kituoni nusu saa kabla ya kuondoka, na tunachagua mahali penye dawa ya dharura ya adrenalini. Kwa wale ambao vali zao zimeharibika vibaya, au moyo wao umeshindwa, hali ni tofauti. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri wagonjwa wa namna hiyo wafikiriwe kupewa vidonge vya penisilini mara mbili kwa siku badala ya sindano, kwa sababu baadhi ya vifo vilivyolaumiwa mzio vilielekea kuwa ni moyo dhaifu kushindwa kuhimili mshtuko wa sindano. Hilo ni la kuzungumza na daktari wake wa moyo. Mzazi asiligeuze peke yake nyumbani.

Mara nyingine tumefika kituoni tukaambiwa benzathini imekwisha. Mara nyingine ipo, lakini muuguzi mgeni anaogopa kuichoma kwa mtoto ambaye anaonekana mzima.

"Baba, huyu anaumwa nini? Mbona simuoni mgonjwa?"

"Sista, barua ya daktari wa moyo hii hapa."

Ndiyo sababu barua ile nimeitoa nakala kadhaa na kuipigia laminesheni moja. Daftari lake la hospitali lina ukurasa maalumu: tarehe, kipimo, paja au tako la upande gani, nani amechoma. Dawa yenyewe ni rahisi, shilingi elfu chache famasi, kwa hiyo huwa tunanunua kichupa kimoja cha akiba pamoja na maji yake na sindano nene inayofaa. Unga ukiwa mkavu hauhitaji friji, lakini usiuache karibu na jiko wala dirishani kwenye jua. Kati ya gharama zote za ugonjwa huu, dawa ndiyo ndogo kuliko zote. Kinachokula pesa ni nauli na siku za kazi zilizopotea, na kabla ya hapo, zile kliniki za mwanzo.

Siku ngumu kuliko zote haikuwa ya hospitali. Ilikuwa jioni ya kawaida, binti amemaliza kuosha vyombo, akaniuliza, "Baba, mimi si mgonjwa. Mbona nadungwa?" Alikuwa anakimbia, anacheza netiboli, anakula posho, yaani ugali, na maharage kama wenzake. Nilimwonyesha matokeo ambayo daktari alinisimulia, ya utafiti uliofanyika huku huku kwetu, Gulu, na kuchapishwa mwaka 2021. Walichukuliwa watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17, wote wakiwa na dalili za mwanzo tu kwenye vali, zilizoonekana kwenye picha huku wenyewe hawahisi lolote. Nusu walidungwa kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakudungwa. Miongoni mwa waliodungwa, ni watatu tu ambao vali zao ziliendelea kuharibika. Miongoni mwa wasiodungwa walikuwa 33. Nilimwandikia namba hizo mbili kwenye ubao wa msonobari niliokuwa naupiga randa, tatu na thelathini na tatu. Alizitazama, akasema, "Hao watatu nao walidungwa kila mara?" Sikuwa na jibu. Lakini tangu hapo hajajificha.

Kuna upande mwingine wa habari hii, nao tuliujua kupitia kaka yake. Alitoka jipu pajani, kubwa, gumu, la moto. Nikadhani penisilini inayomlinda dada yake itamfaa na yeye. Daktari akanifafanulia kwamba majipu mengi huletwa na bakteria mwingine, stafilokokasi, ambaye watu wengi wazima wa afya wanaye puani na kwenye ngozi bila kujua. Streptokokasi wa kundi A hadi leo anakufa kwa penisilini, jambo la kushukuru sana. Stafilokokasi alishapata njia ya kuivunja penisilini tangu miaka ya 1940, kwa hiyo amoksilini peke yake mara nyingi haimgusi. Hutumika kloksasilini au nyingine ya aina hiyo. Na jipu lenye usaha, hata upewe dawa gani, mara nyingi haliponi hadi litobolewe mahali safi na usaha utoke. Kulikamua kwa kucha kunaupeleka usaha ndani zaidi, na majipu ya puani na kwenye mdomo wa juu ndiyo hatari kupita yote.

Kwa nini nalieleza jipu kwenye habari ya moyo? Kwa sababu bakteria huyo akiingia kwenye damu hupenda kukaa juu ya vali iliyokwaruzika. Mtoto mwenye vali mbovu anaweza kupata maambukizi ya moyo wenyewe kutokana na jipu lililopuuzwa au jino lililooza. Nyumbani kwetu sasa kila mtu ana taulo lake, vidonda vinafunikwa, upele unatibiwa kwa wote siku moja. Binti anapiga mswaki usiku bila kubembelezwa, na daktari wa meno huambiwa habari ya moyo kabla hajagusa jino. Homa ikimkaa siku kadhaa na malaria haipo, tunaomba damu yake ichukuliwe ikaoteshwe maabara kabla ya antibiotiki yoyote kuanza. Antibiotiki ikitangulia, yule bakteria haonekani tena kwenye kipimo, na daktari anabaki anabahatisha.

Mama yake ana wasiwasi wake ambao mimi sikuufikiria hadi aliponiambia. Mimba huuongezea moyo kazi, na wako wanawake ambao hugundua vali mbovu wakiwa wajawazito tayari, wakishindwa kupumua usiku. Wakiwekewa vali ya chuma watatumia dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo mambo haya anaambiwa binti mwenyewe, kidogo kidogo kadiri anavyokua, na mama yake ndiye anayeyasema. Ana haki ya kuujua moyo wake kuliko sisi.

Mwaka ujao anaingia sekondari ya bweni, na hapo ndipo tumeweka akili yetu yote. Nilikwenda kumwona metroni kabla ya kulipa hata shilingi ya karo. Nilimpa nakala ya barua, kalenda ya Jumanne zote za sindano za mwaka, na namba ya kituo cha afya kilicho karibu na shule, ambacho muuguzi wake amekwisha kuliona daftari na kukubali. Nimemwomba jambo moja zaidi: mtoto yeyote wa bweni akiumwa koo lenye homa na usaha, asipewe Panadol na kuambiwa alale, apelekwe akatazamwe. Wanalala vitanda vya juu na chini, wamebanana, na koo la mmoja linawafika kumi. Metroni aliandika kwenye kitabu chake, akaniuliza jina la dawa mara mbili ili asikosee herufi, kisha akaniambia kuna msichana mwingine kidato cha pili ambaye magoti yamekuwa yakimvimba kwa zamu tangu muhula uanze. Nikamwachia namba ya daktari.